Maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu "get", neno dogo la Kiingereza linalosumbua watu

Haya ni maswali yale yale ambayo watu wanaojifunza Kiingereza wanayarudia kila siku kuhusu hili neno. Soma popote unapotaka, sio lazima uanzie juu, na pale jibu likiwa limeshatolewa sehemu nyingine nitakwambia uende huko badala ya kurudia.

## Mambo ya msingi

"Get" si ni "kupata" tu? Mbona watu wanalifanya gumu?

Ni kupata, ndio, na ukikutana na "I got a letter" utapita salama, ila dakika mbili mbele mtu anasema "it got cold" na hapo unakwama kwa sababu hakuna aliyepata chochote. Tatizo ni kwamba tulifundishwa maana moja tukabaki nayo.

Mimi naona ukishika wazo moja mengi yanafunguka: "get" inahusu kutoka hali moja na kuingia nyingine. Kitu ulikuwa huna, sasa unacho, hiyo ndio kupata. Ulikuwa huku sasa uko kule, hiyo ni kufika. Ulikuwa mkavu sasa umelowa, ulikuwa huelewi sasa unaelewa, zote hizo ni "get". Mwenzake "be" yeye anaeleza hali ilivyo, "get" anaeleza mlango wa kuingilia. "I am angry" nina hasira hapa nilipo, "I got angry" ni pale hasira zilipopanda.

Nitajuaje haraka ni maana ipi?

Usitazame "get" yenyewe, tazama kinachoifuata. Ikifuatwa na kitu au mtu, mara nyingi ni kupata, kununua, kuchukua au kuletea. Ikifuatwa na neno la sifa kama "cold" au "tired" basi ni kuwa hivyo. Ikifuatwa na mahali ni kufika. Ikifuatwa na "to" na kitenzi ni kupata nafasi ya kufanya jambo, au kufikia hatua fulani kama "get to know". Ikifuatwa na kitenzi cha kutendwa kama "paid" au "robbed", mtu kafanyiwa kitu. Na ikifuatwa na vile vineno vidogo kama "up", "over", "by", hapo usijaribu hata kutafsiri neno kwa neno, chukua vyote viwili kama neno moja jipya, nimeeleza chini huko.

Wakati uliopita ni "got" au "gotten"? Mwalimu alinikata kwa "gotten".

Inategemea Kiingereza cha wapi. Uingereza ni get, got, got. Marekani ni get, got, gotten. Mwalimu wako kama anafuata Kiingereza cha Uingereza hakukosea kukukata kwenye mtihani wake, lakini kusema "gotten" ni neno bovu la vijana wa Marekani hiyo sio kweli hata kidogo, neno ni la zamani sana. Biblia ya Kiingereza ya 1611 inalo pale Mwanzo 4:1, Hawa anapompata mtoto wake wa kwanza. Waingereza wenyewe ndio waliliacha baadaye, Wamarekani wakaendelea nalo. Na hata hao Waingereza bado wanasema "forgotten" na "ill-gotten" bila shida.

Sasa kuna kitu watu wengi hawakijui: Wamarekani hawaweki "gotten" kila mahali, wanatenganisha maana mbili. "I've gotten a new phone" ni nimepata, yaani kitendo cha kuipata. "I've got a new phone" ni ninayo, basi. Kwa hiyo ukitaka kuongea kama Mmarekani halafu ukasema "I've gotten two brothers" ukimaanisha una kaka wawili, watashangaa umewapata wapi.

Neno lenyewe lina asili gani?

Lilitoka kwa watu wa kaskazini ya Ulaya, wale Vaikingi waliovamia Uingereza na wengine wakalowea huko. Kwao lilikuwa "geta". Kiingereza cha kale kilikuwa tayari na ndugu yake lakini amebanwa ndani ya maneno mengine, ndio huyo unayemwona kwenye "forget" na "beget". Ndio maana "forget" inabadilika kama "get": forgot, forgotten.

## Kupata, kuleta, kufika

"I'll get it" maana yake nini? Nasikia inasemwa na hakuna kitu kinachopatikana.

Simu inalia au mtu anabisha hodi, mmoja anasema "I'll get it". Maana yake niachieni mimi, napokea, au naenda kufungua. Mkiwa mmekaa mezani na bili imekuja mtu akasema "I'll get this", tulia, analipa yeye. Ukisikia "Can I get you anything?" sio kwamba anataka kukukamata, anauliza akuletee nini.

Mpangilio wa maneno ni muhimu hapa. "Get me water" ni niletee maji, anayepelekewa anakaa mara tu baada ya "get". Ukisema "get water for me" ni sawa pia. Ila "get to me water" hapana, hiyo ni sisi tunavyolazimisha.

Niseme "get to home" au "get home"?

"Get home", bila "to". Hali kadhalika "get here", "get there". Mahali pengine pengi "to" inarudi: "get to school", "get to work". Hakuna ujanja, hayo matatu yameze tu.

Kwenye gari ni "get in" lakini kwenye basi ni "get on". Nani alipanga hivi?

Hakuna aliyepanga ila kuna namna ya kukumbuka. Chombo ambacho ukiingia unaweza kusimama na kutembea ndani, yaani basi, treni, ndege, meli, ni "get on" na kushuka ni "get off". Chombo ambacho unainama na kukaa moja kwa moja, kama gari dogo au teksi, ni "get in" na kushuka ni "get out of". Baiskeli, pikipiki na farasi unakaa juu yake kwa hiyo navyo ni "on" na "off". Ukimwambia dereva wa teksi "I want to get off" ataelewa, usihangaike sana.

## Kuwa, kugeuka, kuingia hali

"Get" na "become" si kitu kimoja?

Kwenye sifa zinakaribiana, "it got dark" na "it became dark" zote zinasimama, tofauti ni kwamba ya kwanza ndio watu wanaongea na ya pili ina harufu ya kitabu. Ila ukija kwenye cheo au kazi zinaachana kabisa. "She became a doctor" amekuwa daktari. "She got a doctor" amepata daktari, pengine alikuwa na mgonjwa nyumbani. "Get" haimgeuzi mtu kuwa nomino, ikikutana na nomino inarudi kwenye kupata.

Kwa nini waseme "get tired" wakati sisi tunasema nimechoka na yameisha?

Hili ndio swali ninalolipenda kuliko yote, maana hapa ndipo wengi wetu tunapotelea.

Kiswahili kina vitenzi vyake vya kuingia hali: kuchoka, kukasirika, kulewa, kulowa, kunenepa, kukonda, kuzeeka, kupona, kuzoea, kupotea. Kila kimoja kinajitosha. Kiingereza kwenye nyingi ya hizo hakina kitenzi cha kawaida cha mazungumzo, kina sifa tu, kwa hiyo kinaiazima "get" iisukume: get tired, get angry, get drunk, get wet, get fat, get thin, get old, get well, get used to, get lost. Ukiiangalia hivyo utaona "get" kumbe inafanya kazi ambayo sisi tumeshaifanya ndani ya kitenzi.

Shida inakuja kwenye "me" yetu. "Nimechoka" inabeba yote mawili, kwamba nilichoka na kwamba bado nipo kwenye uchovu, na Mwingereza yeye anazitenganisha. Ukiwa umechoka sasa hivi ni "I am tired". Ukitaka kusema uchovu ulikuingia ni "I got tired". Kwa stori za zamani kuna njia nzuri ya kujipima: jiulize kwa Kiswahili ungesemaje. Kama ungesema "alilewa", ni "he got drunk". Kama ungesema "alikuwa amelewa", ni "he was drunk". "Nilikasirika" ni "I got angry", "nilikuwa nimekasirika" ni "I was angry". Jaribu na kuzoea: "nilizoea" ni "I got used to it", "nilikuwa nimezoea" ni "I was used to it". Inakubali karibu kila mahali.

"I get tired" na "I'm getting tired" tofauti yake?

Ya kwanza ni tabia, huwa nachoka, mfano kila nikipanda ngazi. Ya pili inaendelea sasa, naanza kuchoka, bado sijachoka kabisa. "It's getting late" ni namna ya kistaarabu ya kuaga, au ya kumwambia mgeni aage.

Kwa hiyo naweza kuweka "get" kwenye sifa yoyote?

Hapana. Mabadiliko mengine mabaya yanachukua "go": go mad, go blind, go deaf, go bald, na chakula kikiharibika ni "go bad". Rangi nazo zinapenda "go" au "turn", uso ukiiva kwa aibu ni "go red". Lakini "get sick" na "get worse" ni mabaya pia na yanachukua "get", kwa hiyo usitafute sheria kavu, yashike kama unavyoyasikia.

## Kutendwa na kufanyiwa

"He was fired" na "he got fired", ipi sahihi?

Zote. Ya kwanza ni taarifa, ya pili ni kama mtu anakusimulia, inamtazama aliyepatwa na jambo, iwe balaa au bahati: got robbed, got hurt, got paid, got promoted. Kwenye mazungumzo hiyo ndio tamu zaidi. Kwenye ripoti weka "was".

Angalia tu swali na kukanusha, hapa lazima "did" iingie: "Did he get fired?", "He didn't get paid." Sio "Got he fired?". Na vitenzi vya hali havikubali, huwezi kusema "he got liked" kwa maana ya alipendwa.

"Get married to" au "get married with"?

"To". Na ukitumia "marry" peke yake hauweki chochote: "He married her." Ile "with" tunaitoa kwenye "kuoana na", iache huko huko.

Nikisema "I cut my hair" kuna ubaya gani?

Hakuna ubaya, ila kwa maneno hayo msikilizaji anaweza kuelewa ulishika mkasi mwenyewe. Sisi tunasema nimenyoa, nimeshona nguo, nimetengeneza gari, nimeng'oa jino, na kila mtu anajua kuna kinyozi, fundi na daktari katikati. Kiingereza kinataka uonyeshe kwamba kazi umefanyiwa: "I got my hair cut", "I got my car fixed", "I got a tooth pulled". Kwenye jino ndio utaona umuhimu wake, maana ukisema "I pulled my tooth" mtu anakutazama mdomoni akijiuliza umetumia koleo gani. Mpangilio ni get, halafu kitu, halafu kitenzi cha kutendwa. Ukigeuza ukasema "I got cut my hair" umeharibu.

"Get him to do it", "make him do it" na "have him do it" zinatofautiana vipi?

"Make" ni kumlazimisha, hana ujanja. "Have" ni kumpa kazi mtu ambaye ndio kazi yake. "Get" kuna kumbembeleza humo ndani, umemshawishi, umemzungukia mpaka kakubali. Na kisarufi ni "get" peke yake inayotaka "to" hapo.

## "Have got", "gotta" na ndugu zao

"I have", "I've got" na "I got", ni moja?

"I have a pen" na "I've got a pen" maana moja, ninayo kalamu. "I got a pen" kwa Kiingereza sanifu ni nilipata kalamu, lakini mitaani na kwenye muziki watu wanaimeza ile "ve" na wanamaanisha ninayo. Uisikie, uielewe, usiiandike kwenye insha.

Kinachowachanganya watu ni kuzichanganya: "Do you have got a pen?" hiyo haipo. Ni "Do you have?" au "Have you got?", chagua moja. Na kwa wakati uliopita achana na "got" kabisa, sema tu "I had a pen".

"I've got to go" na "I get to go", mbona moja inasikitisha nyingine inafurahisha?

Umeshasikia mwenyewe. "I've got to go" ni lazima niende, nimebanwa. "I get to go" ni napata bahati ya kwenda, si kila mtu anaipata. "Gotta" ni "got to" iliyoandikwa kama inavyotamkwa, kwenye meseji sawa, kwingineko hapana.

## Kuelewa na kueleweka

"I get it", "got it", "gotcha": nitumie ipi lini?

"I get it" naelewa, jambo limeniingia, na ukiisema kwa sauti ya kuchoka inakuwa "basi nimeelewa usirudie". "Got it" ni jibu la mtu aliyepewa maelekezo, sawa, nimeshika. "Gotcha" ni "got you" iliyokunjwa, inaweza kuwa nimekuelewa au nimekunasa, kama umemfumania mtu anachungulia simu yako. Utani ukipigwa wote wakacheka wewe ukabaki umekodoa macho, sema "I don't get it".

Mtu kaniandikia "I got you". Anataka nini?

Angalia mlikuwa mnaongelea nini. Kama ulikuwa unaeleza jambo, amekuelewa. Kama ulikuwa unalia shida, anasema nipo nawe, usijali. Kama mlikuwa mnataniana, amekupata, umeingia mtegoni. Na ikiendelea, "I got you something", kuna kitu amekuletea. "You got me there" ni tofauti tena, hiyo anakubali umembana na hana jibu.

Kwenye sinema nasikia kama "gerit" na "gerap". Ni neno gani hilo?

Ni "get it" na "get up". Wamarekani wakiweka "t" katikati ya irabu mbili hawaitamki kwa nguvu, ulimi unagusa juu haraka na kuachia, na sauti inayotoka inafanana sana na "r" yetu ya Kiswahili. Ndio maana sikio letu linasikia "r". Habari njema ni kwamba ukitaka kuiga tayari unayo sauti hiyo mdomoni.

## Ikifuatwa na vineno vidogo

"Wake up" na "get up" si zote ni kuamka?

"Wake up" macho yamefunguka, "get up" umetoka kitandani. Katikati hapo unaweza kukaa saa nzima na simu. "Get up" ni kusimama pia, ukiwa umekaa kwenye kiti.

"Get over", "get by", "get along", "get away with" zinanichanganya. Nisaidie.

"Get over" ni jambo kukutoka moyoni au ugonjwa kukuachia, mtu aliyeachwa na mpenzi anaambiwa "you'll get over it". "Get by" ni kusukuma siku, hela inatosha kwa tabu. "Get along" ni kuelewana na mtu. "Get away with" ni kufanya kosa na lisikurudie. "Get through" ni kuvuka kipindi kigumu, au kumpata mtu kwenye simu baada ya kuhangaika. "Get rid of" ni kuondokana na kitu. "Get around to" ni lile jambo unalosema nitafanya, nitafanya, mpaka siku unayolifanya kweli.

"I'll get back to you" na "I'll get back at you", kineno kimoja tu si ni sawa?

Usije ukakosea hii kwenye barua pepe ya kazi. Ya kwanza ni nitakujibu baadaye. Ya pili ni nitalipiza kisasi.

"Don't let it get to you" inamaanisha nini?

Usiliruhusu likuumize. "It gets to me" ni linanikera au linanigusa sana. Ni tofauti na "I get to go" ambayo nimeshaieleza pale juu.

## Mambo ya pembeni

Naweza kutumia "get" kwenye barua rasmi?

Unaweza lakini ipunguze. Badala ya "I got your letter" weka "I received", badala ya "get permission" weka "obtain", badala ya "get better" weka "improve". Upande wa pili nao usizidishe, ukimwandikia rafiki "I obtained bread" utachekwa.

"Get lost" na "get out of here" ni matusi?

"We got lost" ni tulipotea njia. "Get lost!" kwa kumwamrisha mtu ni potea mbele yangu, hiyo inafanana na yetu neno kwa neno na ni ukali kweli. "Get out of here" inaweza kuwa toka, ila ikisemwa kwa tabasamu baada ya habari ya kushangaza ni "acha utani". Na "get a life" ni kumwambia mtu atafute shughuli za kufanya, usimwambie mkwe.

Halafu kuna chache zenye maana ya chumbani, kama "get it on" na "get off on" kitu fulani, kwa hiyo ukisikia watu wanacheka baada yake na wewe hujui kwa nini, bora usiirudie mbele za watu.

Nimeona sentensi ina "get" nne: "I've got to get him to get his phone fixed before it gets dark." Ni kweli au mtu anajifurahisha?

Ni sentensi halali kabisa na inaweza kumtoka mtu bila hata yeye kugundua. "I've got to" ni lazima. "Get him to" ni nimshawishi. "Get his phone fixed" ni akatengenezewe simu. "Before it gets dark" ni kabla giza halijaingia. Kwa Kiswahili: lazima nimbembeleze akatengeneze simu yake kabla ya giza. Na hapo "akatengeneze" maana yake fundi ndio anatengeneza, kama lile jino.